Mikanyagio Mipya ya Ravdna

Ravdna aliiinua pikipiki ya theluji kwa jeki na kuanza kung'oa mikanyagio ya zamani kabla kaka yake hajamaliza kahawa ndani ya nyumba. Alijua angekuja kumzuia.

Msimu wa baridi uliopita, mikanyagio hiyo ndiyo iliyomvunja kifundo cha mguu. Ilikuwa mabati mawili marefu, moja kila ubavu wa chombo, mahali dereva anapokanyaga. Theluji ilijazana juu yake ikawa barafu tupu. Siku hiyo alikuwa amesimama wima akiswaga kulungu wake wa kufugwa, wale wa nchi za theluji, mteremkoni, mguu ukamteleza, pikipiki ikamlalia. Akabaki kijijini Kautokeino na gongo lake, wengine wakalipeleka kundi lake malishoni pwani. Hilo lilimuuma kuliko mfupa.

Mikanyagio mipya ilikuwa ya alumini, yenye matundu makubwa ya kupitisha theluji, na kila tundu lina meno ya kung'ata soli ya buti.

"We Ravdna!" Ánde alisimama mlangoni mwa banda, kikombe mkononi. "Unachinja chombo kizima?"

"Nakivisha viatu, kaka. Funga mlango, baridi inaingia."

"Si ungempelekea fundi?"

"Kwani fundi ndiye atakayesimama juu yake?"

Akaendelea kutoboa kwa drili vichwa vya ribiti, vile vijisumari vilivyoshikilia bati la zamani. Moja ilikaidi, ikawa inazunguka tu pamoja na ncha. Akaikata kwa patasi, pigo moja, ikaruka hadi miguuni kwa Ánde. Lakini alipoupachika mkanyagio mpya wa kushoto, matundu yake hayakulingana na ya kwenye bodi.

"Haya sasa!" Ánde akachekelea. "Umeuziwa wa pikipiki nyingine. Rudisha dukani."

Ravdna aliinama karibu na chombo. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa bodi, taratibu, mpaka kikaingia kwenye mbonyeo.

"Mkanyagio hauna kosa. Bodi ndiyo iliyojikunja siku ile nilipoanguka. Njoo ukamate huu ubao."

"Siku hizi naamrishwa na mdogo wangu?"

"Kamata, kaka, usiongee."

Akatega jeki ya pili juu ya ubao, akaizungusha kidogo kidogo. Bati likalia, likanyooka. Matundu yakakutana. Akapiga ribiti, akaongeza bolti na nati sehemu zinazobeba uzito zaidi, kisha akapanda na kurukaruka kwa nguvu zake zote. Hakikusikika hata kilio kidogo cha chuma.

"Mbona umenyamaza?" Ravdna akamuuliza kaka yake.

"Naogopa utaniambia nikamate kitu kingine."

Wiki hiyohiyo wakaanza safari ya kuhamisha kundi. Mvua ilikuwa imenyesha na kuganda juu ya theluji, kilima kizima kikawa utelezi. Walipokuwa kilimani juu ya mto, majike waliotangulia wakashtuka, wakaanza kutimka kuelekea bondeni, na barafu ya mto ilikuwa imeshapasuka. Ánde akakata kona kuwawahi. Pikipiki yake ikaserereka kiubavu, naye akaruka kabla haijatumbukia vichakani.

"Pita juu!" akapaza sauti. "Wazuie, Ravdna!"

Kifundo kilimchoma, kana kwamba nacho kilikuwa kimesikia. Ravdna akahamishia miguu yote miwili kwenye mkanyagio wa upande wa kilimani, akaning'iniza mwili nje na kuongeza mafuta. Theluji ikamrukia, ikapita matunduni, ikaanguka chini. Buti hazikucheza. Akaupasua mteremko ule kiubavu, akawapita kulungu, akashuka mbele yao akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Majike wakasita karibu kabisa na ukingo, wakageuka. Kundi zima likawafuata.

Aliporudi alimkuta kaka yake ameketi kwenye theluji, ndevu zote nyeupe.

"Umeumia?"

"Kilichoumia ni maringo tu, mama. Leta kamba."

Ravdna akacheka hadi machozi yakamgandia kopeni. Wakaivuta pikipiki kutoka vichakani, wakaigeuza, ikawaka kwa kikohozi.

Jioni walichemsha nyama hemani, na Ánde akamchagulia Ravdna mfupa wenye uboho mnene. Kulipokucha, Ravdna ndiye aliyekaa mbele ya kundi kuliongoza. Hakuna aliyemwambia akae pale, wala hakumsubiri mtu amwambie.