Kikapu Kati ya Viti Viwili

Yusto hakuwa dereva wa kuimba njiani wala wa kupiga honi bila sababu. Kabla ya kuwasha gari la chama cha wakulima, pikapu yenye viti viwili mbele na bodi ya mbao nyuma, alilizunguka, akavuta kila kamba na kusukuma kila gunia. Kisha alifungua milango na kupitisha mkono juu ya dashibodi, ndani ya mifuko ya milango na chini ya viti. Chochote alichokikuta hakijashikwa na kitu, iwe spana, kopo la grisi au parachichi la abiria, alikitia katika sanduku la chuma lililofungwa kwa boliti kati ya viti viwili vya mbele, akabana komeo la mlango wake mdogo wa mbele. Watu wa Vudee walimcheka. Walisema analipekua gari kama askari anayetafuta pombe ya magendo.

Mazoea hayo aliyapata Burma, vitani. Siku moja lori lililomtangulia liligonga gogo kwa mwendo mdogo tu. Lori halikuharibika, ila jeki iliyokuwa imelazwa nyuma ya kiti iliruka ikampiga dereva kisogoni, na Yusto ndiye aliyemtoa. Tangu hapo alishika jambo moja: gari likisimama ghafla, vilivyomo ndani havisimami nalo.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, ukungu ukiwa bado umefunika migomba, alikuwa ghalani akipakia kahawa ya kupeleka Same alipomwona baba mkwe wake, Nathanaeli, akija haraka kuliko kawaida ya mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mama yako Zipora amezidiwa. Ni kichomi. Dresa wa zahanati anasema afike hospitali ya Same leo hii, na njiani akae wima ili apumue. Asipigwe na upepo hata kidogo."

Yusto alitazama nyuma ya gari, penye magunia na baridi. Kisha akatazama mbele, penye viti viwili, kimoja chake. Alilielewa tatizo kabla mzee hajamaliza kulieleza.

Katika ukoo wa mkewe, mwanamume na mama mkwe wake hawakuketi chumba kimoja, hawakutazamana usoni, wala hawakusemezana. Tangu alipomwoa Lydia, salamu zake kwa Zipora zilipelekwa na mtu mwingine, na majibu yakarudi kwa njia hiyo hiyo. Akimwona anakuja njiani, aliingia kwenye migomba akasubiri apite. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na Yusto aliitunza kama alivyotunza breki.

Walipofika kwa Nathanaeli, ua ulikuwa umejaa watu. Dorkasi, dada yake Nathanaeli, mwanamke ambaye ulimi wake ulitangulia kufika kila mahali, alikuwa ameshakata shauri.

"Mgonjwa akae nyuma na mimi. Nitamfunika blanketi tatu."

"Shangazi, upepo wa ule mteremko unapenya blanketi tatu."

"Basi wewe ndiye ukae nyuma."

"Na gari aendeshe nani?"

"Si linashuka? Liachie tu, litafika!"

Watu walicheka. Nathanaeli hakucheka. Kutoka ndani ya nyumba kilisikika kikohozi kifupi, kikavu, cha mtu anayeogopa kukohoa.

"Tutajenga ukuta," Nathanaeli alisema. "Hapo katikati, juu ya hilo sanduku lako. Mkikaa hamwonani, hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima."

Wakaleta kinu. Wakaleta kigoda cha miguu mitatu, na juu yake wakataka kuweka mkungu wa ndizi. Yusto aliwaacha wamalize, kisha akavishusha kimoja kimoja akaviweka chini.

"Baba, nikikanyaga breki kwa nguvu, kinu hiki kitamvunja mama kabla hatujafika Mwembe."

"Kinu, sawa," alisema Dorkasi. "Na ndizi je? Ndizi nazo zinavunja watu siku hizi?"

"Mkungu mzima, shangazi, gari likiwa mbioni. Simama pale nikutupie uudake."

Dorkasi aliutazama mkungu, akausukuma kando kwa mguu.

Walipatana juu ya kikapu. Kilikuwa kikapu kikubwa cha kuvunia kahawa, kitupu na chepesi. Yusto alikifudikiza juu ya sanduku, akapitisha kamba katika vishikio vya sanduku na miguu ya viti vyote viwili, akaikaza kwa goti. Alikitikisa, likatikisika gari, si kikapu. Kilifika usawa wa kidevu chake, kikatosha kumficha mama mfupi kama Zipora, na juu yake aliweza bado kuona kioo cha kushoto. Nyuma, magunia yalikuwa yamelazwa yakiegemea ubao wa mbele, hakuna lililozidi kimo cha bodi. Dorkasi alielekezwa akae nyuma ya magunia, siyo mbele yake.

"Nile vumbi?"

"Bora ule vumbi kuliko kuliwa na kahawa."

Kisha Yusto alikwenda pembeni, akaupa ua mgongo na kutazama bondeni, wanawake wakimtoa Zipora na kumketisha. Aliposikia mlango umefungwa alirudi. Alikagua upande wake wote: dashibodi, mfuko wa mlango, chini ya kiti, komeo la sanduku. Upande wa kushoto hakuugusa wala kuutazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu akabidhiwe gari lile kuondoka bila kupitisha mkono kule.

Barabara ya Vudee ilichimbwa kwa msaragambo, majembe na sururu za wanakijiji wenyewe, enzi za mfalme aliyemtangulia malkia wa sasa. Ilikuwa imara lakini nyembamba, na kona zake zilifuata mwamba, hazikufuata mahitaji ya dereva. Yusto alishuka kwa gia ya pili, akiiachia injini kazi ya kulishika gari. Upande wa pili wa kikapu alisikia pumzi: inaingia nusu, inakatika, inatoka. Kila jiwe lilipolirusha gari, pumzi ile ilisimama. Akawa anayakwepa mawe kana kwamba yeye ndiye mwenye kichomi.

Baada ya kuvuka mfereji wa kumwagilia palikuwa na kona kali ya kushoto. Alipokuwa anaikata, alisikia kitu kikianguka sakafuni, kikabingirika kupita mbele ya sanduku na kugonga kisigino chake. Barabara ikanyooka kwenye mteremko mkali, na mwisho wa mteremko kona nyingine, ambayo nje yake hapakuwa na kitu ila hewa. Alikanyaga breki. Pedali ilishuka kidogo ikagota.

Hakuhitaji kuinama ili ajue. Aliisikia kwenye soli ya kiatu: chupa.

Alivuta breki ya mkono. Gari lilipungua, halikusimama, magunia yalilisukuma. Kuingiza gia ya kwanza hakuthubutu, kwani gia ikikataa, gari litabaki halishikwi na chochote. Mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani, mwingine kwenye breki ya mkono, na mguu hautoshi kuchomoa kitu kilichokwama. Akiinama, ataiacha barabara. Mtu aliyeweza kufika pale chini alikuwa mmoja tu.

"Mama!" alisema.

Kikapu hakikujibu.

"Mama, kuna chupa chini ya breki. Mguuni kwangu. Siwezi kuifikia."

Alisikia blanketi likiburuzwa, kisha mlio mdogo wa maumivu. Mkono mwembamba ulitokea chini, mbele ya sanduku, ukapapasa wenzo wa gia, ukapapasa kiatu chake.

"Inua mguu," ilisema sauti ambayo haikuwahi kuelekezwa kwake maishani.

Kila msuli wake ulitaka kukanyaga zaidi. Lakini kukanyaga ndiko kulikoibana chupa. Aliinua mguu. Kona ilisogea. Mkono ulivuta, ukateleza, ukavuta tena.

"Kanyaga."

Pedali ilishuka hadi mwisho. Matairi yalikwaruza changarawe na gari likasimama, pua yake ikiwa imeshaingia kwenye kona. Magunia yalisukuma ubao wa mbele, yakatulia. Kikapu hakikusogea. Nyuma, Dorkasi alimtaja Bwana kwa sauti kubwa.

Zipora alikohoa kwa muda mrefu. Yusto alikaza macho kwenye kioo cha mbele na kungoja.

"Asali ya Lydia," alisema mwishowe. "Niliipakata ndani ya blanketi. Nikasinzia. Siwezi kuingia kwa mwanangu huko Same mikono mitupu."

"Ningejua, ningeifungia kwenye sanduku. Ningeuliza."

"Ungemuuliza nani?"

Yusto alinyoosha mkono akaanza kulegeza kamba ya kikapu.

"Kiache," Zipora alisema. "Kikapu hakikumkosea mtu. Kosa ni la chupa yangu."

Yusto aliyatafakari maneno hayo akaona hayajakamilika. Chupa ilikuwa imekaa upande ambao yeye hakuukagua, na hakuukagua kwa sababu aliyekuwa ameketi pale ni mama mkwe wake. Heshima yake na kosa lake yalikuwa mambo mawili, na hakuna lililolifuta lingine.

"Si chupa peke yake, mama. Mimi sikukagua."

"Basi kagua."

Chupa ilitokea mbele ya kikapu, shingo kwanza. Yusto aliipokea kwa mikono miwili, bila kugeuza uso. Aliizungushia tambara, akaingiza mkono chini ya ukingo wa kikapu na kufungua komeo, akaisukuma ndani pembeni mwa spana, akafunga.

Dorkasi alifika dirishani amejaa vumbi hadi kwenye kope.

"Nimesikia watu wanasemezana humu ndani."

"Ni injini," alisema Zipora.

Dorkasi aliiangalia boneti, injini ikiwa imezimika, akamwangalia wifi yake, akarudi kukaa nyuma ya kahawa.

Same walifika jua likiwa limeshachoma ukungu wote. Zipora alilazwa, akachomwa sindano siku baada ya siku, akapona. Na asali Lydia akaila kwa ugali wa ulezi. Siku ya kumrudisha Vudee, Yusto alikifunga kikapu mahali pake kwa fundo lile lile. Kisha akaenda pembeni akampa mgongo mama mkwe wake, kama inavyopasa.

Alisikia mlango ukifunguliwa, na kabla haujafungwa alisikia blanketi likikung'utwa kwa nguvu, mara mbili.

"Upande wa kushoto hakuna kitu," ilisema sauti ya Zipora.

"Unamwambia nani?" Dorkasi aliuliza kutoka nyuma.

"Nakiambia kikapu."

Yusto alirudi, akaketi, akakagua upande wake, akawasha gari.