Mkosi wa Lowell Haberkorn

Haya alinisimulia Ardith Haberkorn mwenyewe, mwaka juzi, tukimenya matufaha ya pai jikoni kwake.

Mumewe, Lowell, aliipenda timu ya kikapu ya chuo cha Harlow tangu aliposoma hapo ujanani. Brandt, chuo cha ng'ambo ya mto, hakutaka hata kukitaja. Siku moja Ardith alinunua taulo nyekundu, rangi ya Brandt, na Lowell akajifuta maji kwa shati lake.

Ila alikuwa na mkosi. Akikaa ukumbini siku ya Brandt, Harlow hufungwa. Akitoka tu kwenda msalani, wanafunga wao. Mwanzo watu walimtania, baadaye wakawa wanamuuliza kwa adabu, "Mzee Lowell, husikii kiu?" Basi akazoea kusikiliza mechi hiyo redioni, ndani ya pikapu yake nje ya ukumbi, huku theluji ikifunika kioo. Hata hivyo mara walishinda, mara walifungwa.

Kisha mjukuu wao Josie akaanza kuichezea Harlow. Mwaka wake wa mwisho akaja nyumbani.

"Babu, Brandt tunacheza nao Jumamosi, halafu basi, namaliza. Miaka yote umenisikia tu. Njoo unione."

"Nikija mtafungwa, mjukuu wangu."

"Basi tufungwe ukiwepo."

Wiki nzima Lowell hakula vizuri. Ijumaa Ardith akachoka kumwona akizunguka jikoni.

"Unachoogopa ni gari kukosa mtu? Nitakaa mimi."

Wewe ungecheka. Lowell alilipima jambo hilo kama mtu anayeuziwa shamba.

"Redio usiiguse," akasema mwishowe. "Na usishangilie mapema."

Jumamosi akaingia ukumbini, Ardith akabaki garini. Ilipofika mapumziko, Harlow walikuwa nyuma kwa pointi tisa. Mara kioo kikagongwa.

"Toka, nikae mimi," Lowell akasema. "Nimewaharibia."

Ardith akafunga milango kwa ndani.

"Fungua, mke wangu."

"Rudi ndani. Mtoto atatafuta kiti chako."

"Watu wananiangalia vibaya."

"Nawe waangalie."

Akaongeza sauti ya redio. Lowell alisimama kwenye theluji, akamtazama, akatazama mlango wa ukumbi. Halafu akarudi ndani taratibu, kama anayepelekwa kwa daktari wa meno.

Harlow walishinda kwa pointi moja. Lowell alitoka macho yamelowa, na njia nzima alikuwa akimwonyesha Ardith kwa mikono jinsi Josie alivyoruka, mpaka ikabidi amwambie ashike usukani.

Walipokwisha kuzima taa, akaita, "Ardith."

"Naam."

"Ile miaka niliyokaa garini na bado tukafungwa, wewe ulikuwa wapi?"

"Ukumbini, na wenzangu."

"Na leo ulikuwa nje."

"Lowell."

"Sijamlaumu mtu. Nasema tu, mwaka ujao garini unakaa wewe tena."

Ardith alikuwa na jibu zuri sana, lakini mzee alishaanza kukoroma. Akaliweka la asubuhi, akavuta shuka upande wake, akalala.