Mistari Minne Chini ya Hali ya Hewa

Mtangazaji alikuja na vipaza sauti viwili na chupa yake ya maji, utadhani anakwenda safari. Kipindi chake ni mazungumzo na watu wa habari: wahariri wastaafu, wapiga picha, wasoma taarifa, kila mmoja akieleza jinsi kazi ilivyobadilika. Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye orodha. Mtunza maktaba ya gazeti huwa wa mwisho kwenye orodha zote, nimeshazoea.

Alinikuta katikati ya majalada. Gazeti letu halichapwi tena, na nakala zote za zamani zinapitishwa kwenye skana ili zisomwe mtandaoni na dunia nzima. Fundi wa skana, binti asiye na maneno mengi, alikuwa kwenye kona yake akifunua kurasa. Jalada likimalizika linapelekwa nje kusubiri lori. Sikuuliza lori linakwenda wapi.

"Shikamoo, Mama Gundi."

"Marahaba. Umenenepa. Kumbe kuongea kunashibisha."

Alicheka. Namjua tangu alipokuwa mwandishi mwanafunzi, mwembamba, kalamu sikioni, akiniomba majalada kwa adabu zote maana alijua nikinuna atarudi mikono mitupu. Siku hizi sauti yake iko kwenye simu za watu wote.

Aliwasha kinasa sauti, akaniomba nieleze jina langu la utani lilikotoka. Nikamweleza. Gazeti hukosea, na likikosea huchapa masahihisho: mistari minne, mitano, ukurasa wa ndani, chini ya hali ya hewa, pale asipotazama mtu. Kazi yangu ilikuwa kuyakata masahihisho hayo, kulifungua jalada lenye ile habari ya kwanza, na kuyabandika pembeni yake. Mwandishi akija kutafuta habari za zamani, anakutana na kosa na sahihisho lake papo hapo. Ukurasa usio na kikaratasi maana yake habari ni ya kweli, beba ukaitumie.

"Na mhariri mkuu mstaafu alisema kwenye kipindi hiki wiki iliyopita," akasema, "kwamba kwa miaka thelathini na minne hukukosa kubandika hata kikaratasi kimoja."

Niliisikia kauli hiyo siku ile nikiwa nakunja nguo. Niliacha nguo nikakaa kitandani. Mhariri alikuwa amenivisha kilemba cha ukoka bila kujua, na mimi nilijua.

Nikamtazama fundi. Alikuwa amebakiza majalada mawili kabla ya kulifikia lile lenye mgongo uliochanika. Tangu asubuhi macho yangu yalikuwa kwenye jalada lile.

"Usizime hicho kitu," nikamwambia mtangazaji. "Nilikosa kimoja."

Nikapiga moyo konde, nikasema. Mwaka wangu wa nne kazini tuliandika kwamba mkunga mmoja, kwa jina lake kamili, aliacha zamu wodi ya wazazi na mtoto akafariki. Hakuwa yeye. Wiki iliyofuata tukasahihisha. Ilikuwa Ijumaa, gundi imekauka kwenye kopo, na mimi nakimbilia harusi ya mdogo wangu. Nikakitia kikaratasi kwenye droo, nikajiambia Jumatatu. Jumatatu ikaja na mambo yake.

"Miaka kumi na mmoja baadaye," nikasema, "mwandishi chipukizi akaja kutafuta habari za hospitali ile. Akakuta ukurasa hauna kikaratasi. Akaamini, akaandika kwamba yule mkunga mzembe bado yupo wodini."

Mwandishi huyo ndiye mtangazaji aliyekaa mbele yangu. Ile ilikuwa habari yake ya kwanza kutoka ukurasa wa mbele. Aliwahi kuitaja kipindini, kwamba ndiyo iliyomfungulia milango.

"Mkunga aliandika barua kwamba gazeti lilisharekebisha," nikaendelea. "Mhariri akaniuliza kama kuna masahihisho. Kikaratasi kilikuwa drooni, nakiona. Nikasema hakuna. Gazeti likamjibu kwamba linasimama na habari yake. Mwezi ule ule mkunga akaacha kazi."

Mtangazaji aliweka kidole kwenye kitufe cha kuzimia. Sikumlaumu. Kidole kilikaa pale muda mrefu, kisha akaurudisha mkono mapajani.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Niliogopa kumwaga unga. Baadaye nikaona aibu. Halafu nikazoea, na hapo ndipo ninapojichukia."

Nikafungua mkoba wangu, nikatoa bahasha. Ndani, kile kikaratasi cha drooni kimegeuka rangi ya chai. Nikamwomba fundi anipe jalada lile kabla hajaligusa. Nikapaka gundi, ikamwagika kidogo. Mtangazaji akanishikia ukurasa hadi nikamaliza. Fundi akasubiri ikauke.

"Bado mkunga mwenyewe," mtangazaji akasema.

Namba yake nilikuwa nayo. Niliitafuta miaka mingi iliyopita na sijawahi kuipiga. Nikapiga, nikaweka sauti ya wazi, wote tusikie. Akapokea mwanamke wa sauti nzito. Nilipotaja gazeti akasema, "Mnataka nini tena?"

Nikamwambia yote, bila kuzunguka. Nilisikia vyombo vinaoshwa upande wa pili, kisha maji yakafungwa.

"Yangu na wewe tutayaongea siku nyingine," akasema. "Hiyo karatasi unayo?"

"Ninayo."

"Nisomee."

Nikasoma. "Katika toleo la Jumanne iliyopita tuliandika kwamba mkunga aliacha zamu na mtoto akafariki. Mkunga tuliyemtaja hakuwa zamu siku hiyo. Hahusiki kwa lolote. Tunamwomba radhi."

Nikasikia akivuta kiti, akaketi.

"Binti yangu aliisoma ile habari yenu ya pili akiwa shule," akasema. "Wenzake walimpelekea gazeti mpaka kwenye dawati. Nikamwambia habari ile si ya kweli, walisharekebisha zamani. Akaniuliza, iko wapi hiyo karatasi? Sikuwa na cha kumwonyesha. Amejifungua mara mbili, na mara zote mbili amenikataza kuingia chumba cha kujifungulia. Mimi, mkunga."

Nikalivuta jalada karibu.

"Yuko hapo nje anaanika nguo. Ngoja nimwite. Akija, usome tena. Polepole."

Tukasikia ndara zikiburuzwa, mlango ukifunguliwa. Mtangazaji alikuwa ameinamisha kichwa, taa nyekundu ya kinasa sauti bado inawaka. Kutoka mbali ikaja sauti ya mama yule, akimwambia mwanawe, "Njoo. Iko hapa."

Nikapangusa miwani, nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, nikaanza kusoma.