Panya wa Jikoni kwa Sumaia

Kila asubuhi Sumaia alifagia maabara ya kampuni ya gesi, kontena lililowekwa pembeni mwa mji wa Palma, kisha akawapa panya mtama. Panya hao walikuwa wa kupimia kama matope ya kuchimbia gesi yana sumu. Weupe walikuja kwa ndege, na hawakuwa na makuu. Wa kijivu walikuwa uzao wa panya jike aliyenaswa jikoni kwa Sumaia mwenyewe, nao walikuwa na mila zao: mtoto akizaliwa, walimzikia kitovu.

Kwenye maranda ya mbao waliyotandikiwa vizimbani hawakutaka kuzika. Sumaia akawaletea beseni la udongo wa chini ya mnazi wake, ule uliopandwa pale kilipozikwa kitovu chake. Wakazika, wakashindilia, wakanawa mikono.

Dotora Beatriz, mkuu wa maabara, alitaka kujua kama mila hiyo ni malezi au damu. Akabadilisha watoto: wa kijivu wakanyonya kwa mama mweupe, weupe kwa mama wa kijivu. Walipokua, akahamisha vizimba, beseni akaliacha. Weupe walikula palepale. Wa kijivu walisusa wote, hata waliolelewa na weupe, wakakaa wameelekea beseni lilipo. Lilipoletwa, wakala mpaka wakabeua.

"Ni damu," alisema Beatriz. "Hawa hawahamishiki bila udongo wao."

Kampuni haikubisha. Kontena lilipohamishwa, beseni lilisafiri kwa gari lenye kiyoyozi, limefungwa mkanda.

Sumaia alifurahi mno. Kijiji chake nacho kilikuwa kinahamishwa kupisha mitambo, basi akamwendea senhor Manuel, msimamizi wa uhamisho.

"Na mnazi wangu je, senhor?"

"Mtazoea tu, mama. Kwa panya tuna ushahidi."

Mnazi ukang'olewa. Nyumba mpya, kando ya njia iendayo Mute, ilikuwa na bati linalong'aa na sakafu ya saruji. Sumaia akapika samaki wa nazi, akapakua, tonge likagoma kushuka. Akalikumbuka lile beseni la udongo wake. Lakini halikuruhusiwa kutoka getini, kwa kuwa lilikuwa mali ya kampuni.

Siku iliyofuata akabeba sufuria kazini, akaketi kando ya beseni. Panya wa kijivu wakasogea kumpisha. Alikula akalamba vidole, akacheka peke yake. Beatriz alipomkuta, alimletea kiti.

Tangu hapo Sumaia alikula maabara, akanenepa. Nyumbani kwake alikwenda kulala tu.