Jamu Iliyopimwa kwa Pima Maji

Mume wangu ni mwashi, na mwashi aliyeanguka akavunjika mguu ni mtu wa kuogopwa ndani ya nyumba. Kutoka pale kwenye kochi, mguu umefungwa plasta ngumu na kuwekwa juu ya stuli, aligundua kwamba ukuta wa jikoni umepinda, mlango wa choo umepinda, na hata rafu ninayopangia mafuta ya nywele imepinda. Mimi ni msusi, mafuta yangu hayajawahi kulalamika. Nilimwambia kilichopinda ni shingo yake.

Ila sikuwa na moyo wa kumsema sana. Kulikuwa na tetesi kwamba msimamizi wake ameshaleta mwashi mwingine, na Jumapili asubuhi msimamizi mwenyewe akapiga simu kusema angepita jioni "tuzungumze kidogo". Hakuna mtu anayepanda ngazi zetu zile kuja kuzungumza kidogo. Mume wangu alikata simu, akasema hafai tena kwa lolote, labda nimtumie kuzuia mlango usipigwe na upepo. Niliumia kumsikia.

Siku hiyo nilikuwa nimebandika jamu. Jirani alitupa ndoo nzima ya machungwa machachu kupindukia, nami situpi kitu. Maganda nilikuwa nimeyakata vijiti vyembamba, mbegu nimezifunga kwenye kitambaa safi na kuzitumbukiza sufuriani, maana ndizo zinazoifanya jamu igande, na sukari nimeshatia. Mara bibi harusi mmoja akanipigia akilia kwamba misuko imefumuka na wageni wameanza kuingia. Ikabidi nitoke. Nilimsogezea mume wangu kiti mbele ya jiko, nikampa mwiko na maelekezo: kuna kisahani kwenye friji, adondoshee tone la jamu, alisukume kwa kidole. Likikunjamana, azime moto.

"Likikunjamana," alirudia, kama mtu aliyeambiwa achote maji kwa pakacha.

Nilipaswa kushtuka pale pale. Kwa mwashi, kitu kinachokunjamana ni lipu mbaya. Alidondosha tone, likakunjamana, akasikitika, akaongeza moto. Akadondosha jingine, likakunjamana kidogo, akaona sasa tunaelekea. Aliendelea hivyo mpaka tone likatulia kwenye kisahani bila kukunja hata kope, kidole kikateleza juu yake. Hapo ndipo alipozima. Halafu, kwa kuwa chupa nilizomwachia aliziona ni dhaifu, akaimwaga jamu yote kwenye bati la kuokea mkate, akaisawazisha, akaipima kwa pima maji isiinamie upande, akafungua dirisha ipoe.

Niliporudi nilikuta tofali. Tofali la rangi ya kabati la zamani, limenyooka pande zote, vijiti vya maganda vimelala ndani yake. Nililigonga kwa kijiko, likanijibu. Mume wangu alikuwa anang'aa uso. "Tazama kona hizo," aliniambia. Nilifungua kinywa nimpe vidonge vyake, nikamwangalia, nikakifunga. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu aanguke.

Msimamizi alifika jioni akihema. Ni mtu wa kuuma na kupuliza: akitaka kukuumiza, huanza kwa kukusifu. Aliniita shemeji, akasifu mapazia, akasifu chai, akausifu na mguu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, mume wangu naye akaona lazima mgeni aonjeshwe jamu. Alikuwa ameshakata vipande kwa msumeno, vimepangwa kwenye sahani. Nilimfinya mguu asiendelee, nikakumbuka baadaye kwamba nilifinya plasta.

Msimamizi akatia kipande mdomoni. "Fundi," alisema huku akitafuna, "unajua kazi haimsubiri mtu, na mimi imenilazimu..."

Kukasikika ka! Akasita. Akavuta mdomo huku, akavuta kule, macho yakamtoka. Kisha akakitoa kile kipande taratibu kwa vidole viwili, na meno yake yote ya juu yakatoka nacho.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Halafu nikatamani kucheka, nikajikaza kisabuni. Meno yale yalimfokea mume wangu miaka nenda miaka rudi, kumbe ni ya bandia! Msimamizi aliziba mdomo kwa kiganja, na kwa jinsi alivyotutazama nikajua kwamba kazini hakuna anayejua.

Nami, nisiwafiche, nikaona riziki imeingia kwa miguu yake yenyewe. Nilimpokonya kile kipande kwa upole, nikakifunika kwa leso. "Shemeji," nilimwambia, "meno haya sisi hatujayaona. Lakini hebu tulimalize kwanza lile la kazi."

Alielewa. Jasho lilimtoka, kichwa kikaanza kuitikia kidogo kidogo.

"Mama," mume wangu aliniambia, "mpe mtu meno yake."

Nilimwambia atulie. Akanyoosha mkono tu, akaniangalia, nami nikampa. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nilielekea kwenye birika nilete basi maji ya moto tuyaloweke, jamu iyeyuke, lakini msimamizi alitikisa kichwa kwa hofu, akanong'ona nyuma ya kiganja: maji ya moto yangeupinda ufizi wa bandia.

Mume wangu akaomba mkoba wake wa kazi. Alichagua patasi ndogo kuliko zote, ile ya kuchokonolea kati ya vigae, akakiweka kipande juu ya goti lake zima, akaanza kugonga. Tik. Anageuza. Tik. Anapuliza vumbi la sukari. Msimamizi alikaa ukingoni mwa kiti kama mtoto anayesubiri kunyolewa. Jamu ilimeguka punje kwa punje, jino moja baada ya jingine likajitokeza, mpaka yakabaki meno matupu bila mkwaruzo. Hata katikati ya jino na jino, ambapo mimi na vidole vyangu vya kusuka nisingethubutu, yeye alipita.

Niliyaosha, nikayarudisha kwa mwenyewe. Msimamizi aligeukia ukutani, akayavaa, akayajaribu kwa kung'ata hewa. Alipotugeukia hakuwa na sifa za kumgawia mtu.

"Nilikuja kukuambia nimempata mwingine," alisema.

Mume wangu aliendelea kuifuta patasi yake, ingawa ilikuwa imeshang'aa. Nilimwonea huruma mpaka hasira yangu ikaniishia.

"Huyo mwingine," msimamizi akaendelea, "jana amepasua vigae hata haya haoni. Yeye ningempa meno yangu, ningekunywa uji maisha." Akasimama, akavuta shati lake likae sawa. "Kesho natuma gari. Utakaa kwenye kiti uwaelekeze wenzako mpaka mguu upone."

Mume wangu alirudisha patasi mkobani. Akauliza awe tayari saa ngapi.

"Saa zako zile zile, fundi."