Bunduki ya Kumtosha Syombua

Syombua aliingia kwenye duka la bunduki la Githae, pale Ruiru, akiwa amevaa jaketi lake zito la kijani, zipu imefungwa mpaka kidevuni. Ilikuwa Agosti, mawingu yalikuwa yamefunguka tangu saa nne, na mabati ya mji mzima yalikuwa yanachemka. Calvince, kijana wa kazini kwake aliyezoea kumwita cucu, yaani bibi, alipoona jasho linamtiririka puani, hakuweza kujizuia.

"Ai, cucu! Hiyo jaketi ni ya nini? Umekuja kuchukua bunduki ama unaenda kuuza kabeji kwenye baridi ya Kinale?"

"Jasho ni langu," Syombua akamjibu. "Wewe unahangaika nalo kwa nini?"

Walikuwa wametoka shamba la wanyama ng'ambo ya Gatuanyaga, kule vumbi linakokufuata mpaka kitandani. Wageni huja huko kutembea kwa miguu alfajiri, waone viboko wakirudi mtoni na nyati wakilala kwenye vichaka. Kuwinda kulikatazwa Kenya tangu Syombua akiwa mgongoni mwa mamake, na hakuna mtu pale aliyetaka kumuua mnyama. Lakini nyati akiamua kukujia kutoka kichakani, hakuna maneno utakayomwambia akakuelewa. Kwa hiyo anayetembea mbele ya wageni hubeba bunduki kubwa, ile ya bolti, ambayo ukishapiga unavuta mkono wake nyuma, ganda linaruka, unausukuma mbele, risasi nyingine inaingia. Inabebwa kila siku, na wanaomba Mungu isilie hata siku moja.

Miaka yote aliyekuwa mbele ni mzee Ndambuki, na Syombua alikuwa nyuma ya mstari, akihakikisha hakuna mgeni aliyebaki akipiga picha ya kipepeo. Sasa magoti ya Ndambuki yalikuwa yamekataa kazi, mzee akarudi kwao Matuu, na bunduki yake ikarudishwa serikalini pamoja na leseni yake. Katika wafanyakazi wote wa shamba, aliyekuwa amechunguzwa na polisi, akafanya mtihani wa kulenga, akapewa leseni mpya, ni mmoja tu. Mama Kamene, yaani Syombua, mwenye wajukuu na miwani ya kusomea Biblia.

Na wageni walikuwa wanakuja Jumamosi.

Githae alikuwa mzee mwembamba mwenye mafuta ya bunduki kwenye mikunjo ya vidole. Alitandika gunia safi juu ya kaunta, akalaza bunduki mbili.

"Hii ni 458," akasema, akiitaja kwa kipimo cha risasi yake, akigusa ile nene. "Ukimpiga nyati na hii, anakumbuka kwao. Na hii ni 375. Ni ndogo kidogo, lakini sheria inaikubali kwa nyati, na kiboko pia. Imetumika, lakini mtutu wake ni msafi kama sahani ya harusi."

"458," akasema Muriithi hapo hapo. Huyu ndiye aliyekuwa meneja wa shamba, na ndiye aliyewaleta kwa gari. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka uliopita nyati alikuwa amemvunja mbavu mchunga ng'ombe wa jirani, na Muriithi ndiye aliyemshika kichwa kwenye gari mpaka hospitali. Tangu siku hiyo aliamini kila kitu kikubwa: ua mkubwa, kufuli kubwa, risasi kubwa. "Hakuna haja ya kupoteza muda. Mzee, funga hiyo."

"Ngoja," akasema Syombua. "Kitendawili."

Muriithi akapumua kwa nguvu, lakini Githae alikuwa mtu wa rika lake, akaitika, "Tega."

"Nampiga wa mbele, analia wa nyuma."

Githae akacheka mpaka akakohoa. "Hiyo ni 458, mama. Teke lake nalijua. Bega langu la kulia liko hapa kama shahidi."

"Basi ngoja nionje zote."

Akainua 458, akaipeleka begani. Kitako chake kilikuwa kirefu, kikakwama kwenye jaketi chini ya kwapa, na mdomo wa bunduki ukabaki ukitazama kalenda ukutani badala ya mlango. Akajaribu tena kwa haraka, kama mtu aliyeshtuliwa na kichaka. Kikakwama tena.

"Si uvue hiyo jaketi, Mama Kamene," Muriithi akasema. "Unajisumbua bure."

"Alfajiri kule mtoni nitaivua nimpe nani anishikie? Nyati?" Syombua akamgeukia. "Nyinyi wanaume mnakuja hapa saa sita mmevaa mashati, mnanyanyua bunduki, mnasema inanitosha. Halafu Julai mko na jaketi, sweta mbili na blanketi ya Kimaasai, haitoshi tena. Ndambuki alichagua yake hivyo hivyo. Miaka yote nilimwona akihangaika nayo. Na kuna kitu kingine, nitakisema kwa sababu nyinyi hamtakisema. Mimi nina matiti. Nimenyonyesha watoto wanne. Kona ya chini ya hiki kitako inanichoma hapa. Nikipiga na hii 458 nitakaa wiki nzima sivai kitu."

Calvince akatazama dari. Muriithi akatazama viatu vyake. Githae hakutazama popote, alitoa kipimo cha futi mfukoni, akazunguka kaunta, akasema, "Mama, kunja mkono hivi."

Hapo ndipo Muriithi alipoamua kumaliza mambo. Akaweka fomu ya Githae ya kununulia bunduki juu ya gunia, akaweka kalamu juu ya fomu.

"Sikiza, Mama Kamene. Usijali mambo ya kitako. Wewe hutaibeba. Tia sahihi ya 458, kwa sababu leseni ni yako, halafu Calvince ndiye atatembea mbele. Yeye ni kijana, ana nguvu, wageni wakimwona wanajisikia salama. Wewe utaendelea na nyuma kama kawaida. Mshahara tutaongea."

Redio ndogo ya Githae iliendelea kuimba nyimbo za kwaya karibu na dirisha.

Syombua akamtazama Calvince. "Ulijua?"

"Boss aliniambia tu jana, cucu," Calvince akasema, akijikuna shingo. "Mi nilidhani mmeongea."

Kumbe aliletwa Ruiru kama kidole cha kutia wino. Jina lake litembee mbele, mwili wake ubaki nyuma ukiokota wageni. Na siku Calvince akikosea, polisi watauliza bunduki ni ya nani, na watatajiwa jina la mama mmoja wa Gatuanyaga.

Akachukua kalamu, akaitia mfukoni mwa jaketi.

"Sitii sahihi."

"Mama Kamene..."

"Sitii. Bunduki yenye jina langu inabebwa na bega langu. Hiyo si mimi nimesema, ni leseni imesema. Na Jumamosi wageni wako wakija, watakaa kwenye veranda wanywe chai na waangalie kiboko na darubini."

"Unanitisha?"

"Nakuambia mapema, ndiyo usishtuke."

Muriithi akamgeukia Githae, akitafuta msaada wa mwanamume mwenzake. Githae akaanza kupangusa 375 kwa kitambaa, polepole sana. "Mimi nina leseni ya duka, bwana meneja. Nikijua bunduki inaenda kwa mikono mingine, nafunga duka. Nina mke, na mke wangu hapendi nikikaa nyumbani."

Muriithi alitoka nje, akasimama kwenye jua, akapiga simu kutafuta mwingine mwenye leseni, akakosa, akarudi. Jasho lilikuwa linamtiririka masikioni. "Haya. Unataka gani?"

"Hii 375. Lakini ikatwe kitako."

"Ikatwe? Hiyo ni mbao ya zamani! Tukiikata hakuna mtu atainunua tena!"

"Kwani inauzwa? Nilidhani ndiyo tunanunua." Akaiinua begani na jaketi lake, kitako kikagusa kwapa, akaonyesha kwa kidole. "Mzee, mpaka hapa. Na hii kona ya chini uizungushe, isinichome."

"Na raba nyororo nyuma?" Githae akauliza.

"Nyororo kama ugali wa bibi harusi."

Mzee aliibana bunduki kwenye jiliwa, akabandika karatasi ya gundi mahali pa kukata ili mbao isipasuke, akachukua msumeno wa meno madogo. Muriithi hakuweza kutazama. Kipande cha mbao kilipoanguka, Syombua alikiokota, akakinusa, akakirudisha kwenye meza. Wakati raba ilikuwa inafungwa alimnunulia Calvince soda, kwa sababu kijana alikuwa amekaa kwenye kiti kama mtu aliyeshikwa akiiba ndizi.

"Si makosa yako," akamwambia.

"Lakini pia mi najua kupiga, cucu. Sio eti nabebwa."

"Najua unajua. Leo utapiga, nikuone."

Walikwenda machimbo ya mawe ya zamani, kule Ndarugo, mahali Githae alipopewa ruhusa ya kujaribishia watu bunduki, mradi mwenyewe awepo. Kulikuwa na ukuta mrefu wa mawe ya kukatwa, majani yameota juu yake. Githae alikuwa na nyati wake mwenyewe: ubao wa plaiwudi uliochorwa pembe, masikio na macho, umepigiliwa kwenye mkokoteni, na mkokoteni umefungwa kamba inayopita kwenye puli na kurudi kwa pikipiki. Pikipiki ikienda upande wa pili, nyati anakuja kwako mbio, magurudumu yakipiga kelele juu ya mawe.

"Calvince kwanza," akasema Muriithi. "Na 458. Tuone."

Calvince akapiga. Bunduki ilimsukuma nyuma hatua nzima, lakini akarudi, akavuta bolti, akapiga tena. Zote mbili ziliingia katikati ya macho, karibu kugusana. Hata Githae akashuka kwenye pikipiki kwenda kutazama.

"Ngori! Hiyo ni kali!" Calvince akapiga kelele, akisugua bega. "Cucu, umeona?"

"Nimeona. Mungu amekupa mkono," Syombua akasema, na alimaanisha.

Kisha zamu yake. Akafunga jaketi mpaka juu, akasimama bila kuegemea chochote, bunduki mkononi mdomo ukielekea chini, kama vile anavyotembea. Mkokoteni ukaanza kuja. Kitako kikapanda begani bila kugusa kitu, kama mtoto anayejua mahali pake pa kulala. Akapiga. Hakuishusha, shavu lilibaki kwenye mbao, mkono ukavuta, ganda likaruka, mkono ukasukuma, akapiga tena. Mkokoteni ukasimama mbele yake karibu sana, nyati wa plaiwudi akimkodolea macho.

Tundu lake la kwanza lilikuwa kwenye paji la uso. La pili lilikuwa limeng'oa sikio.

"Hilo la pili ni baya," akasema mwenyewe kabla hawajamwambia. "Niliharakisha."

Muriithi alikuwa ameanza kutabasamu. "Sasa unaona. Calvince ni bora. Haya, basi tukubaliane katikati. Tia sahihi ya hiyo 375, si umeipenda, halafu Calvince aibebe. Kila mtu amepata."

Syombua alifungua bolti, akahakikisha ni tupu, akatia risasi moja, akampa Calvince chini ya macho ya Githae. "Piga."

Calvince alikuwa na mikono mirefu kama ngazi ya kuchuma maparachichi. Alipoipeleka begani, ile bunduki iliyokatwa ilimfanya ajikunje, shingo ikaingia mabegani, na kidole gumba chake kikakaa mbele ya pua kabisa. Akabana macho, akapiga. Gumba lilirudi na bunduki na kumpiga usoni. Alipogeuka, damu ilikuwa inatiririka mpaka kwenye mdomo.

"Uuuwi," akasema kwa sauti ya mafua. "Hii kitu imenipiga ngumi!"

Syombua akatoa leso kifuani akamshikia pua, akamwinamisha kichwa mbele. "Pole, mwanangu. Pumua na mdomo." Kisha akamwambia Muriithi, bila kuachilia pua ya kijana: "Nilijua. Ndiyo maana niliikata. Sasa ni yangu mpaka ndani ya mbao, na hata ukitaka kumpa mtu mwingine huwezi. Calvince akipata leseni yake, na nitamsaidia kuitafuta, aje hapa achague ya mikono yake. Akinizidi, atembee mbele na mimi nitampigia makofi. Lakini si kwa jina langu."

"Mimi pia, boss," Calvince akasema ndani ya leso. "Mi siwezi lala seli juu ya bunduki ya cucu. Samahani."

Muriithi akatazama plaiwudi, akatazama barabara inayorudi Thika, akatazama saa. Mashine ya kukata mawe ilikuwa inanguruma mahali fulani upande wa Juja.

"Wageni watauliza kwa nini nimewapa shosho mwenye wajukuu," akasema hatimaye.

"Waache waulize. Nitawajibu mwenyewe."

"Jumamosi hii tu. Kukiharibika kitu..."

"Jumamosi hii," Syombua akasema, "na Jumapili tutaongea tukitoka kanisani."

Akatoa kalamu mfukoni, akaweka fomu ya 375 aliyokuja nayo Githae juu ya tangi la pikipiki yake, akavaa miwani yake, akaisoma yote kuanzia juu, mstari baada ya mstari, huku Muriithi akihema. Akatia sahihi. Halafu akapanguza mtutu, akaiweka bunduki kwenye ala yake ya turubai, akaining'iniza begani. Muriithi alikuwa tayari ameshika mlango wa nyuma wa gari, mahali Syombua alipokuwa amekaa wakija.

"Hapana," akasema Syombua, na akafungua wa mbele.