Mtoto wa Mpita Njia

Karani Leonte wa ofisi ya kuandikisha vizazi hakumkaribisha kiti. Nurys Sentil, aliyejifungua juzi, alisimama mbele ya meza na mtoto kifuani.

"Umezaliwa wapi?"

"Hapa hapa San Pedro. Kambi ya miwa."

"Na baba yako?"

"Haiti. Alivushwa mpaka na kiwanda cha sukari kuja kukata miwa, akiwa kijana. Hakurudi tena."

"Basi alikuwa mpita njia. Mtoto wa mpita njia si raia. Wewe si raia, na huyo uliyembeba si raia."

"Mpita njia gani, bwana? Kaburi lake liko hapa!"

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka. Leonte hakucheka.

"Usinipandishie sauti. Mnazaana kama sungura, halafu mnakuja kutubebesha sisi mzigo. Kamwandikishe kwenu."

"Kwetu wapi? Haiti sijawahi kuiona hata kwa mbali."

"Utaiona. Anayefuata!"

Belkis, jirani yake aliyemsindikiza, alimvuta hadi kwenye korido iliyonuka mkojo. Mtoto alizaliwa nyumbani, kwa kuogopa hospitali. Maofisa wa uhamiaji walikuwa wakiwavizia wazazi wodini, na mume wa Nurys walikwisha kumchukua. Kwa hiyo hakuna daktari aliyeandika mama ni nani.

"Shoga, nipe mtoto," Belkis alinong'ona. "Mimi nina kitambulisho. Twende dirisha lile la mwisho, niseme nimemzaa mimi."

"Na mimi niwe nani?"

"Mama yake. Tukiwa nyumbani."

"Nyumbani tu."

"Unataka asome, au unataka akate miwa kama babu yake?"

Nurys alimtazama mtoto, akamfunika vizuri miguu, akamtoa.

Kwenye dirisha la mwisho alikaa msichana mchangamfu. Aliuliza jina la mtoto. Nurys alifungua mdomo, Belkis akamkanyaga mguu.

"Wilmer," Belkis alisema.

"Hongera, mama! Umepona upesi kweli, hata tumbo huna!"

"Mungu mkubwa, mwanangu."

"Na huyu?"

"Jirani tu. Kanisindikiza."

Mhuri ukagongwa. Mtoto wa Belkis, raia.

Nje, lori la uhamiaji lilikuwa limeziba lango. Ofisa kijana aliwapima rangi kwa macho kabla hajafungua kinywa.

"Vitambulisho."

Belkis alitoa chake. Nurys hakuwa na cha kutoa.

"Wewe, panda."

"Jamani, mwacheni!" Belkis alipiga kelele. "Huyu ana—"

Akambana mtoto kifuani.

"Ana nini?" Ofisa akamgeukia mtoto. "Huyu mtoto wa nani?"

Belkis alimtazama Nurys.

"Wake," Nurys alisema, akimwonyesha Belkis kwa kidevu. "Muulize, karatasi anayo."

"Sijakuuliza habari za karatasi. Panda!"

Walimsukuma ndani, katikati ya wanaume waliokamatwa na matope ya shambani miguuni. Mlango wa nondo ukafungwa. Pale langoni Wilmer aliamka na njaa, akaanza kulia. Belkis alimbembeleza, akambadilisha bega, akamtia kidole mdomoni. Mtoto alikitema, akalia zaidi.

Maziwa yalimtoka Nurys, yakalowesha blauzi mpaka kiunoni. Ofisa aligeuka kumtazama. Nurys akakunja mikono kifuani, akabana kwa nguvu, asije akayaona.